Nyumba ya Newstead na Wageni Wake



Watu wengi waendao Uingereza huona London, kisha hurudi na habari za madaraja, makanisa makubwa na msongamano wa watu. Lakini nchi ile ina upande wake wa pili, nao ni mashamba. Nje ya miji, katikati ya malisho ya kondoo na misitu ya mialoni, zimesimama nyumba kuu za kale, kila moja na bustani zake, maji yake na lango lake. Zilijengwa na mabwana wakubwa wa nchi, nao wakazirithisha watoto wao kizazi baada ya kizazi. Baadaye, hasa katika karne ya 20, wengi wao walishindwa na gharama za kuzitunza na kodi ya urithi, wakaziuza, au wakazitoa kwa miji na vyama vya kutunza mambo ya kale. Hivyo leo mtu yeyote aliyelipa kiingilio chake aweza kupita kwa mlango wa mbele, akatembea katika vyumba ambavyo zamani watu wa hali ya chini waliviingia kwa kufagia na kuwasha moto tu.

Nyumba nitakayowasimulia ni moja katika hizo, jina lake Newstead, kaskazini ya mji wa Nottingham. Si kubwa kupita zote, wala si nzuri kupita zote. Nimeichagua kwa sababu mwaka 1874 waliingia humo watu wawili waliosema Kiswahili, nao waliingia kama wageni wa heshima. Habari zao tutazifikia. Kwanza na tuifuate njia.

Kutoka London msafiri hupanda treni hata Nottingham, safari ya muda wa saa mbili hivi. Toka hapo hushika barabara ya Mansfield kuelekea kaskazini, maili 10 na zaidi, hata afike lango la Newstead. Hapo langoni pana mwaloni mkubwa wa kale uitwao Mwaloni wa Hujaji. Zamani nchi ile ilikuwa sehemu ya msitu wa Sherwood, na yasemekana ya kuwa bwana mmoja wa Newstead alipokuwa akiikata mialoni yake ili apate fedha, watu wa jirani walichanga wakaununua mti huo mmoja usikatwe. Toka langoni hata nyumbani ni mwendo wa maili moja hivi katikati ya miti. Kisha waona ziwa, na karibu na ziwa nyumba ya mawe yenye minara, na tausi wakitembea majanini kana kwamba wao ndio wenye mahali.

Jambo la kwanza la kumshangaza mgeni ni ukuta mrefu wa kanisa uliosimama ubavuni mwa nyumba. Ni uso wa mbele wa kanisa la kale, nao una dirisha kubwa mno, lililochongwa kwa ustadi. Lakini dirisha lile halina kioo, na nyuma ya ukuta hapana kanisa. Ukitazama ndani yake waona mawingu yakipita. Juu kabisa, mahali ambapo mikono ya wavunjaji haikufika, imebaki sanamu ya Bikira Mariamu pamoja na Mtoto wake. Wafalme wamepita na mabwana wa nyumba wamepita, nayo ingali pale.

Maana Newstead haikujengwa iwe nyumba ya bwana. Katika miaka ya karibu na 1170, Mfalme Henry wa Pili aliwapa mahali hapo watawa wa kanuni ya Mtakatifu Agostino, wakakaa kwa kusali na kufanya kazi muda wa miaka zaidi ya 360. Ua wao wa ndani, waliouzunguka kwa kimya, uko hata leo. Lakini mwaka 1539, siku za Mfalme Henry wa Nane, aliyefunga nyumba zote za watawa katika nchi yake na kutwaa mali zao, watu wale walitolewa. Mwaka uliofuata mahali pale pakauzwa kwa bwana mmoja, Sir John Byron. Huyu alivigeuza vyumba vya watawa kuwa nyumba yake, na kanisa likaachwa libomoke.

Katika bustani mna maji ambayo habari yake yafaa kusimuliwa. Watawa walikuwa na tai wa shaba, kazi nzuri sana, aliyetandaza mabawa yake ili Kitabu Kitakatifu kiwekwe juu yake kwa kusomwa kanisani. Walipoona ya kuwa siku zao zimekwisha, tai huyu alitupwa majini asitwaliwe. Akalala topeni miaka kama 200, hata katika karne ya 18 akaopolewa, na yasemekana fundi aliyemsafisha alikuta hati za kale za nyumba zimefichwa ndani yake. Ukitaka kumwona, toka Newstead uende upande wa mashariki hata mji mdogo wa Southwell, wenye kanisa kubwa la kale. Hapo yupo tangu mwaka 1805. Mabwana waliomtwaa hawakuwa na haja naye, wakamwuza kama shaba tu. Lakini mwisho wake amerudi katika kazi aliyofanyiwa.

Ukoo wa Byron ulikaa Newstead miaka karibu 280. Wa tano wao kupewa jina la Lodi aliiharibu nyumba na msitu, akafa mwaka 1798. Urithi ukamwangukia mtoto wa miaka 10, mjukuu wa nduguye, ndiye George Gordon Byron, aliyekuja kuwa mshairi mwenye sifa katika Ulaya nzima. Kwa ajili yake wageni wengi huja hata leo. Huonyeshwa chumba chake cha kulala, na bustanini huonyeshwa kaburi la mbwa wake, aliyekufa mwaka 1808, lenye jengo la mawe kubwa kuliko makaburi ya Wakristo wengi wa nchi ile. Mshairi mwenyewe hakuzikwa hapo. Madeni yalimlemea, akaiuza nyumba mwaka 1817, akafa Ugiriki mwaka 1824, akazikwa katika kanisa la Hucknall, karibu na hapo.

Hapa ndipo nawaomba wasomaji watie sikio. Aliyeinunua nyumba alikuwa Kanali Thomas Wildman, aliyesoma shule moja na Byron. Alitoa paundi 94,500, fedha nyingi ajabu kwa siku zile. Kisha akatoa fedha nyingi tena kuitengeneza. Paa zilizovuja zikazibwa, vyumba vikapambwa kwa mbao za kuchongwa, na mnara mpya ukajengwa, ukaitwa Mnara wa Sussex kwa heshima ya rafiki yake, mwana wa mfalme. Wageni husema kwa haki kwamba yeye ndiye aliyeiokoa Newstead isianguke. Je, fedha hizo alizitoa wapi? Ukoo wake ulikuwa na shamba la miwa katika kisiwa cha Jamaika, jina lake Quebec, nalo lilimea kwa jasho la watumwa, Waafrika walionunuliwa na watoto wao waliozaliwa katika utumwa. Sukari ya mikono yao ndiyo iliyogeuka kuwa mawe ya mnara ule.

Wala jambo hili si la Newstead peke yake. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, liliweka fidia ya paundi milioni 20. Fidia hiyo walipewa waliokuwa wakimiliki watu, na wale waliomilikiwa hawakupewa hata senti moja. Mwaka 2020 National Trust, chama kikubwa cha kutunza nyumba za kale, kilichoanzishwa mwaka 1895, kilitangaza ya kwamba mahali 93 kati ya hapo kinapopatunza pana uhusiano na utumwa au na utawala wa makoloni. Waingereza wengine walichukizwa na habari hiyo, wakasema yawaharibia furaha ya kutembea bustanini. Wengine walishukuru, wakasema afadhali kuijua nyumba yote kuliko kujua sebule tu.

Wildman alikufa mwaka 1859, na mwaka 1861 nyumba ikanunuliwa na William Frederick Webb. Huyu zamani alikuwa mwindaji kusini mwa Afrika. Huko aliugua sana, na aliyemsaidia katika ugonjwa wake ni Daktari David Livingstone. Webb hakusahau. Livingstone aliporudi Uingereza mwaka 1864, amechoka, mkewe amefariki na kuzikwa Shupanga kando ya mto Zambezi, Webb alimkaribisha Newstead pamoja na binti yake Agnes. Akakaa miezi kama minane, akaandika kitabu cha safari zake za Zambezi na ziwa Nyasa, kilichotolewa mwaka 1865. Ndani yake aliwaeleza Waingereza biashara ya watumwa jinsi alivyoiona kwa macho yake, vijiji vilivyochomwa na mifupa iliyotapakaa njiani.

Chumba alichokaa na kuandika kilikuwa katika Mnara wa Sussex, ndio ule uliojengwa kwa mali ya Jamaika. Mnara uliolipiwa kwa jasho la watumwa ulimpa kalamu na meza mtu aliyeandika kuikomesha biashara ya watumwa. Sidhani Livingstone alilifikiri hilo alipokuwa akichovya wino. Lakini sisi tupitao leo twaweza kulifikiri.

Sasa tuwatazame wale wawili niliowataja mwanzo. Mwezi wa Julai 1861, katika nyanda za juu za Shire, Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie na wamisionari wa kwanza wa UMCA walikutana na msafara wa watumwa katika kijiji cha Mbame. Watekaji wakakimbia, na watu 84, wengi wao wanawake na watoto, wakafunguliwa. Makongwa waliyofungwa shingoni yakawa kuni za kupikia chakula chao cha kwanza cha uhuru. Miongoni mwa waliofunguliwa siku zile alikuwamo kijana mdogo wa Kiyao, jina lake Chuma. Mwenziwe, Abdullah Susi, alikuwa mtu wa Shupanga, na alishika kazi kwa Livingstone mwaka 1863. Wote wawili walivuka bahari pamoja naye hata Bombay. Wakati Livingstone alipokuwa akiandika Newstead, Chuma alikuwa shuleni huko Bombay akijifunza kusoma. Akabatizwa huko mwaka 1865, akaitwa James.

Habari ya safari ya mwisho wasomaji wengi wanaijua. Livingstone alifariki mwanzo wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo. Safari ile ya zaidi ya maili 1,000 iliwachukua miezi tisa hivi. Pamoja na mwili walileta madaftari yake yote bila kupoteza. Mwili ulizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Jacob Wainwright alikuwako, lakini Susi na Chuma hawakuwako, kwa kuwa hapana aliyewapatia nauli kwa wakati. Ndipo James Young, rafiki wa marehemu, akawalipia, wakafika Uingereza kaburi limekwisha fungwa.

Mwaka ule ule walifika Newstead, na picha yao iliyopigwa huko ipo hata leo. Susi na Chuma wameketi pamoja na Agnes Livingstone na nduguye Tom, na Padre Horace Waller, na mbele yao zimewekwa karatasi na ramani za marehemu. Waller alikuwa amemjua Chuma tangu utoto, maana alikuwa mmoja wa wale wa kwanza wa UMCA kule Shire. Mtoto aliyetolewa katika kongwa sasa ameketi katika nyumba ile ile iliyokarabatiwa kwa mali ya utumwa, naye hakuletwa kuhudumu mezani. Waliulizwa maneno, wakajibu, na wenye elimu wakaandika.

Kazi yenyewe ilifanyika zaidi mahali pengine, nami namsihi msafiri asipaache. Ni Twywell, kijiji kidogo katika Northamptonshire, kusini ya Newstead, ambako Waller alikuwa padre toka mwaka 1874 mpaka 1895. Hapana kasri la kutazamwa, ila nyumba za mawe, malisho, na kanisa la Mtakatifu Nikolao lenye kuta za tangu karne ya 12. Huko, katika kiangazi cha 1874, Susi na Chuma waliketi na Waller, ukurasa kwa ukurasa. Livingstone alikuwa amepungukiwa na karatasi, hata akaandika juu ya magazeti ya kale kwa maji ya matunda badala ya wino, na mengine hayakusomeka. Waller alipokwama, wao walimweleza huu ni mto gani, mfalme yule ni nani, siku hii tulilala wapi. Na habari ya siku za mwisho, ambayo mwenye daftari hakuweza kuiandika, ni wao walioisimulia. Kitabu kikatoka mwishoni mwa mwaka ule, na majina yao yakatajwa katika ukurasa wake wa kwanza, ingawa kama watumishi.

Walirudi Unguja. Chuma akaongoza misafara mingine hata akafariki mwaka 1882. Susi naye alibatizwa mwaka 1886, akachagua jina la Daudi, akafariki mwaka 1891. Pale Mkunazini, mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, lilijengwa kanisa, na ndani yake umo msalaba uliofanywa kwa mbao za mti wa Chitambo. Hivyo asiyeweza kufika Newstead aweza kufika Mkunazini, akaiona habari hii kutoka mwisho wake mwingine.

Basi tuseme nini juu ya nyumba kama ile? Wako Wakristo wasemao tusiisifu, kwa kuwa ina damu katika chokaa yake. Wako wengine wasemao tutazame uzuri wake tu, mambo ya kale yamepita. Mimi naona njia zote mbili ni fupi mno. Nabii Habakuki alinena juu ya ajengaye nyumba kwa udhalimu, akataja jiwe la ukutani na boriti ya darini kuwa mashahidi. Shahidi hafukuzwi barazani, husikilizwa. Nyumba ya Newstead imeona sala za watawa, unyang'anyi wa mfalme, madeni ya mshairi, mali ya utumwa, kitabu cha kuupinga utumwa, na Waafrika wawili wakiheshimiwa. Ukiyaficha mabaya umeifanya ishuhudie uongo, na ukiyafuta mema umeifanya hivyo hivyo. Mwaka 1931 ilitolewa kuwa mali ya mji wa Nottingham, nao huifungulia wageni. Ni vema, maana shahidi aliyefungiwa hafai kitu.

Tena tusidhani jambo hili lawahusu Waingereza peke yao. Pwani yetu nayo ina nyumba kuu za mawe, zenye milango ya nakshi, na Unguja na Pemba zina mashamba ya mikarafuu yaliyopandwa na watumwa. Mwalimu awapelekapo watoto kutazama mlango wenye nakshi, awafundishe kuuliza maswali matatu. Nani aliijenga? Nani aliilipia? Nani aliingia kwa mlango gani? Watoto wadogo huyashika maswali haya upesi kuliko wakubwa.

Na maswali hayo yakikaa sana kinywani hurudi nyumbani. Katika nyumba zetu za Kikristo mna wafanyakazi, msichana wa kupika, kijana wa kuchota maji, mlinzi wa usiku. Je, mshahara wa msichana yule hulipwa siku yake, au husogezwa mpaka ada ya shule ya watoto wetu ikiisha kulipwa? Hula lini, na hula nini? Jina lake tunalijua lote, au twamwita dada tu? Siku moja watu watapita katika nyumba zetu pia, hata kama ni za udongo na bati, na kuta zake zitakuwa na la kusema.

Jambo la mwisho ni la walimu. Kama Waller asingeketi na Susi na Chuma na kuwauliza, tusingejua siku za mwisho za Livingstone. Katika kila usharika wako wazee wanaojua nani alijenga kanisa, nani alibeba mawe, nani alifundisha kwanza chini ya mwembe. Mwalimu na achukue daftari, aketi nao, aandike majina yao yote kwa ukamilifu. Afanye hivyo mwaka huu, maana wazee hawangoji.